Maji Kwetu, Kelele kwa Sista

Leo naweka siasa kando. Najua wapo waliokuja wakitegemea bajeti, wengine Simba na Yanga, lakini leo nina la nyumbani, tena la aibu kidogo kwa upande wangu. Nataka kuongea kuhusu pampu ya maji. Ndio, pampu. Msicheke kwanza.

Mimi napanga Tabata, nyumba ya ghorofa moja, familia sita. Tatu juu, tatu chini. Maji ya bomba yanakuja mara mbili tatu kwa wiki, na yana tabia ya kuja usiku wa manane kama mgeni asiyetaka kuonekana. Yanaingia kwenye simtanki la lita 5,000 lililokaa kwenye kijukwaa cha matofali nyuma ya nyumba. Wa chini wanafungua bomba, maji yanashuka yenyewe. Sisi wa juu tulikuwa tunapanda nayo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na ngazi zetu ni kumi na tisa, nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu kura za mwenyekiti wa mtaa. Waliokuwa Dar Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, wanajua ndoo inavyoweza kumtawala mtu akili. Sisi wa juu hali hiyo ilikuwa ya kila siku.

Basi nikajifanya kiongozi. Msomi, mwandishi wa habari, nina simu yenye chaji. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji hoja ndefu kama tahariri: tununue pampu, kila familia itoe sabini elfu, mwenye nyumba atamalizia. Mwenye nyumba anaishi Kibaha, akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Wapangaji wote sita wakatoa. Naomba mkumbuke hilo neno "wote", nitalirudia.

Jumamosi moja nikaenda Gerezani na fundi, tukarudi na pampu ya hospawa moja na kile kitenki chake kidogo cha presha cha lita 24, chekundu, kinapendeza kweli. Fundi akauliza, "Bosi, niiweke wapi?" Nikaangalia nyuma ya nyumba. Soketi ilikuwa upande mmoja tu, karibu na tanki. Nikamwambia weka hapo. Akaipiga boliti juu ya sakafu, mabomba akayabana ukutani kwa vishikizo, akawasha. Juu mama mmoja akapiga kigelegele. Maji yanatoka ghorofani! Tukampa fundi hela yake na soda baridi, akaondoka. Kazi imekwisha.

"Hapo" nilipopaonyesha kwa kidole palikuwa kama hatua moja na nusu kutoka dirisha la chumba cha kulala cha Sista.

Sista ni nesi. Jina lake tunalijua lakini hakuna anayelitumia, hata watoto wanamwita Sista. Anakaa chini, yeye na mwanae wa darasa la tano. Anakaa chini, maana yake hakuwahi kukosa maji. Sabini elfu yake aliitoa ili sisi wa juu tuache kubeba ndoo. Nilipomtumia ujumbe wa kushukuru alijibu tu, "Nyie wadogo zangu mmeteseka sana na hizo ngazi."

Wiki ya kwanza akaandika kwenye kundi: "Jamani hii mashine inanisumbua, silali." Majibu mnayajua. Pole Sista. Utazoea Sista. Mmoja akaweka vile vikatuni vya kucheka. Wiki ya pili akaandika tena, na safari hii mtu akajibu kwamba wengine hawapendi maendeleo. Na mimi, mwandishi wenu mpendwa, niliandika hivi, ninanukuu kutoka kwenye simu yangu mwenyewe: "Tuvumiliane jamani, maji ni uhai."

Kusema kweli nilijiona nimepatanisha.

Baadaye nikaja na suluhu. Pampu izimwe saa nne usiku, iwashwe saa kumi na moja alfajiri. Watu tano wakaafiki, demokrasia ikachukua mkondo wake. Kilichonitoka kichwani ni kitu ambacho hata mtoto wa Mama Sabra angeniambia: Sista anafanya zamu za usiku. Saa nne usiku anakuwa wodini. Usingizi wake unaanza saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, na huo ndio muda nyumba nzima inafua. Nilikuwa nimemzimia mashine wakati hayupo na kumwashia wakati amelala, halafu nikasubiri ashukuru.

Siku moja saa tisa alasiri akagonga mlango wangu. Amejifunga khanga, macho mekundu. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. "Mwandishi, nyie si mnaendaga eneo la tukio? Twende." Akamwita na Mama Sabra ili watu wasije wakaongea, akaacha mlango wazi, tukaingia chumbani kwake. Akasema tukae kimya tu.

Juu mtu akafungua bomba. Kwanza ikasikika "tko!" ya swichi. Halafu ukuta ukaanza kuimba. Sijui niielezeje. Kutoka kwangu juu pampu ni kama nyuki aliye mbali. Pale chumbani sauti ilikuwa haitoki dirishani, ilitoka ukutani wenyewe, nzito, ya chini, unaisikia kwenye meno. Juu ya hiyo kulikuwa na nyingine, kama mtu anamwaga kokoto kwenye sufuria. Bomba lilipofungwa juu, likaja pigo, "du!", kama mtu kaupiga ukuta teke. Kwenye stuli kulikuwa na glasi ya maji, uso wa maji unatetemeka viduara vidogo. Sista akasema, "Weka mkono." Nikaweka mkono ukutani. Nikautoa.

Kisha likaja lililonimaliza. Kimya cha dakika nne, tano hivi, hakuna aliyefungua bomba, Mama Sabra anahakikisha watoto wake wako nje. Pampu ikawaka yenyewe. Ikazima. Baada ya dakika nne ikawaka tena.

"Hivyo hivyo mchana kutwa," Sista akasema. "Usingizi ukianza kuja, inawaka. Juzi wodini nimesoma lebo ya dawa mara tatu ndio nikaielewa. Mara ya tatu, mdogo wangu. Siku nikiisoma mara moja tu je?"

Nilitoa simu nikapima kwa programu ya kupimia sauti, nadhani kwa sababu sikuwa na la kusema. Ikaandika 44. Usiku ule nikasoma. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1999 linashauri kelele zisizokoma ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Simu yangu sio kipimo cha kupeleka mahakamani, lakini kuna jambo lingine nililijifunza: desibeli zinazopimwa kwa kawaida zimewekewa kichujio kinachofuata sikio la binadamu, na kichujio hicho hupunguza sana sauti nzito. Kwa sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde kinaondoa karibu desibeli 19. Na pampu zetu zinaimba wapi? Hapo hapo. Umeme wetu ni wa hezi 50, sumaku ndani ya mota inavuta mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, jumla mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo namba kwenye simu ilikuwa ndogo kuliko kero yenyewe. Mtu anaweza kuja na kipimo akasema mbona ni kidogo tu, na aliyelala pale akawa anaumwa kweli.

Sheria ipo pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo. Nazifahamu vizuri, niliwahi kuziandikia habari ya kelele za baa, nikahoji watu wanne, nikalala usingizi mzuri. Lakini kanuni za namna hii huugawa muda kuwa mchana na usiku, na usiku ndio unaolindwa zaidi. Nesi, mlinzi, dereva wa lori, mfanyakazi wa kiwandani zamu ya pili, usiku wao uko saa tano asubuhi. Halafu niambieni ukweli, nani anakwenda kushtaki wapangaji wenzake watano kwa ajili ya pampu?

Nikatafuta mzee mmoja aliyetunza mitambo ya kiwanda Chang'ombe kwa miaka mingi, sasa amestaafu. Alikuja na mfuko wa rambo na bisibisi ndefu. Hakugusa boliti yoyote. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho kama daktari. Akahamia kwenye bomba. Akahamia ukutani. Akasema, "Mashine ni nzima. Mliifunga kama gitaa."

Maelezo yake nayaweka hapa maana yatamsaidia mtu. Waya wa gitaa peke yake hausikiki, kinachosikika ni lile boksi. Pampu peke yake ina kelele ya wastani, lakini ukiibana kwa boliti kwenye sakafu iliyoungana na nyumba, na mabomba ukayabana ukutani, ukuta mzima wa chumba unakuwa spika. Dawa ni kuitenganisha: ikae juu ya zege lake lenyewe, chini yake viwekwe vile vipande vya mpira vinavyokaa chini ya injini ya gari, na pande zote mbili, inakovutia na inakotolea, kuwe na kipande cha mpira kinachopinda kabla ya bomba gumu. Ukiweka mpira chini ukasahau bombani, umefanya kazi bure, mtetemo unapita pale ulipoacha.

Zile kokoto: fundi wetu alivuta maji kwa bomba la nusu inchi wakati mdomo wa pampu ni wa inchi moja. Mashine inanyonya kwa kiu, maji yanatengeneza mapovu, mapovu yanapasuka ndani na kuila mashine yenyewe. Ile haikuwa kelele tu, ilikuwa pampu yetu inakufa polepole. Na lile teke: maji yanayokimbia ukiyasimamisha ghafla yanapiga. Mrusi Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, sio uchawi wa Tabata. Kwetu ilikuwa valvu ya kuzuia maji kurudi, ya bei rahisi, inajifunga kwa kishindo. Ipo ya springi, inajifunga mapema kabla maji hayajaanza kurudi, bila kishindo.

Na ile ya kuwaka yenyewe? Mzee akabonyeza kivalvu cha kile kitenki chekundu, kama unavyoangalia upepo wa tairi. Hewa karibu imeisha. Kitenki kile kinatakiwa kiwe na hewa ndani, ndiyo inayosukuma maji wakati pampu imezima. Hewa ikipungua, maji ya akiba yanakuwa lita moja mbili tu, pampu inaamka kwa kila tone. "Lakini," akasema, "hata hewa ingekuwa haba, lazima kuna mahali maji yanatoka. Kuna mtu humu choo chake kinavuja."

Tukaanza msako. Kila familia tukaweka matone ya rangi ya keki kwenye tanki la kuflashi, tukasubiri robo saa bila kuflashi, tukachungulia. Chini, safi. Kwa Mama Sabra, safi. Kwa jirani yangu, safi.

Kwangu, sinki la choo lilikuwa jekundu kama juisi ya rozela.

Sikuweza kumtazama Sista. Mimi niliyeandika tuvumiliane. Kipira cha shilingi elfu nne ndani ya choo changu ndicho kilichokuwa kinamwamsha kila baada ya dakika nne, wiki ya sita sasa. Nilikuwa nasikia kale kasauti ka "siiii" chooni kila siku na nikawa nimekazoea. Kukazoea kulikuwa rahisi, kalikuwa kananinyima kitu gani?

Nimeliwaza sana hili na nina maoni, ndiyo maana nimeandika. Sisi tunahesabu kazi imekwisha pale inapotoa kile tulichokitaka. Maji yametoka, jenereta imewaka, mashine ya kusaga imesaga: mpe fundi hela aende. Kelele hatuihesabu kama sehemu ya kazi, tunaihesabu kama tabia ya mtu anayelalamika. Nilikuwa mtoto mdogo mwaka 2006, ule mgao mkubwa wa umeme, na nakumbuka jenereta kwenye baraza za maduka mtaani kwetu zilivyokuwa sifa. Duka lenye mngurumo ndilo lenye soda baridi. Tumekua tukiamini maendeleo lazima yangurume, na asiyetaka kungurumiwa hapendi maendeleo.

Mimi nasema anayepaswa kusema kazi imekwisha sio anayefungua bomba. Ni yule ambaye kitanda chake kiko karibu zaidi na mashine. Fundi abakishiwe theluthi ya hela yake mpaka mtu huyo amelala mara moja, kwa saa zake yeye za kulala, akaamka akasema sawa. Kwani fundi wetu alikosa nini? Aliuliza aiweke wapi. Aliyepaswa kujua nani analala wapi ni mimi.

Najua wapo watakaosema huo ni uzungu, kelele ni hoja ya watu wa Masaki. Kwanza Masaki wananunua jenereta lililofungwa kwenye boksi lake, halisikiki. Kelele inabaki kwa asiyeweza kuilipia inyamaze. Pili, kwa wazungu wenyewe ni yale yale. Binamu yangu yuko Uingereza, nilipomlalamikia kwenye simu akacheka. Walifungiwa boila mpya ya kupasha maji na vyumba, ukuta mmoja na kitanda cha mtoto, mtoto akawa anaamka analia. Fundi alirudi akapunguza kasi ya pampu iliyomo ndani ya boila, akatoa hewa kwenye mabomba, basi. Tofauti ni kwamba fundi alirudi. Tatu, hesabu. Valvu, mipira, bomba la inchi, zege na ufundi wa yule mzee ni kama laki moja na elfu hamsini, gawa kwa sita ni elfu ishirini na tano. Sista alitoa sabini kununua kelele ambazo hakuzihitaji, sisi wa juu tunashindwa ishirini na tano kuziondoa?

Nilipoliuliza hivyo kwenye kundi, kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Halafu yule wa "hawapendi maendeleo" akawa wa kwanza kutuma hela. Sijui kama ni aibu au ni kwamba choo kilichovuja hakikuwa chake. Mwenye nyumba amesema gharama za kuhamisha ni zetu. Suluhu bora kuliko zote, mzee alisema, ni tanki dogo juu kabisa, pampu iwake mara moja kwa siku ilijaze, maji yashuke yenyewe. Mnara wake unahitaji nondo na saruji, na mwenye nyumba kasikia neno saruji simu ikakatika. Hilo nalifuatilia. Tutalipata, hata kama ni kwa kukatana kwenye kodi.

Kwa sasa kipira cha chooni nimebadilisha, hewa tumejaza kwa pampu ya baiskeli, na kufua ni kuanzia saa nane mchana. Ratiba ya zamu ya Sista inabandikwa kwenye mlango wa stoo kila mwezi. Anasema analala. Sio vizuri, lakini analala.

Imebaki kuhamisha. Sehemu pekee yenye nafasi ni kule mwisho kabisa, kwenye kona ya ukuta wa fensi. Fundi mzee alishachora mahali pa zege kwa chaki. Nilikuwa nataka kumwambia aanze, nikaangalia juu ya ukuta nikaona dirisha lenye pazia la bluu.

Jumamosi iliyopita nikaenda kugonga geti la jirani. Miaka mitatu nakaa pale, sikuwahi kugonga. Akafungua mzee wa makamo, kavaa msuli, nikamwamkia, nikajieleza kwa kirefu kuhusu mpira na zege na valvu ya springi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Sasa hiyo itakuwa inawaka saa ngapi na saa ngapi?"

Nikatoa mfukoni ratiba ya Sista tukaanza kuisoma pamoja.